Msimwandike "mvivu" kabla hajachunguzwa: barua ya wazi kwa wakuu wa elimu na afya wa Haut-Katanga

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Mkoa, kwa Waheshimiwa Mawaziri wa mkoa wanaoshughulikia elimu na afya, kwa wakuu wa Divisheni ya Elimu na wa Divisheni ya Afya, kwa Bwana Meya wa Lubumbashi, na kwa wainspekta wetu wote.

Wakuu wetu,

Nawasalimu kwa heshima. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Katuba, nafundisha darasa la nne. Nawaandikia hadharani kwa sababu jambo lenyewe hufanyika hadharani. Mwanzoni mwa Julai, siku ya proklamasio, yaani ya kutangaza matokeo, wazazi hujaa uwanjani, akina mama wamefunga vitenge vyao vizuri, na direkta husoma majina na asilimia kwa kipaza sauti. Waliofaulu hupigiwa vigelegele na kumwagiwa poda. Waliobaki huchukua buletani zao za alama na kuondoka haraka, na chini ya buletani, pale pa maoni ya mwalimu, maneno ni yale yale kila mwaka: mvivu, hasikilizi, hatulii, angeweza kama angetaka.

Ombi langu kubwa ni moja. Mtoto asiandikiwe maneno hayo, asirudishwe darasa wala asifukuzwe kwa sababu hiyo, kabla mtu hajamwangalia masikio, macho, damu, usingizi, na namna akili yake inavyofanya kazi. Mengine yote yatakayofuata ni kueleza kwa nini, na kuonyesha kwamba mkoa wetu unaweza kulifanya.

Nianze na daftari la mvulana mmoja, daftari la imla. Mistari miwili ya kwanza ni mizuri, herufi zimekaa juu ya mstari, mkono umetulia. Mstari wa tatu una neno lililokatika katikati. Wa nne unaanza na mwisho wa sentensi moja na kumalizika na mwanzo wa sentensi nyingine. Zile za katikati hazipo kabisa, ingawa nilizisoma mara mbili kwa sauti. Chini ya ukurasa amechora pikipiki ya manseba, dereva wa pikipiki ya abiria: vioo viwili, bomba la moshi, hata nyuzi za gurudumu na namba ya nyuma. Nilipomwonyesha mama yake, alisema kile ambacho wazazi wengi husema: "Unaona, Madamu? Pikipiki anaweza. Kuandika ndiyo hapendi. Umupige tu, miye nilisha kuchoka."

Hapo ndipo sote tunapotea. Mtu huona mtoto amekaa kwenye mchoro dakika ishirini bila kuinua kichwa, akaamua kwamba uwezo anao na kwamba anachokosa ni utiifu. Lakini shida hii ya kushika fikra haimaanishi kwamba mtoto hana umakini wowote. Umakini anao, anachoshindwa ni kuuelekeza anapotakiwa na kuushikilia pale pasipomvuta. Kinachomvuta humchukua mzima mzima. Imla haimvuti, na nguvu ya kujilazimisha, ambayo wenzake wanayo kiasi cha kutosha, kwake huisha kwenye mstari wa pili. Mistari miwili ile ya kwanza ndiyo ushahidi kwamba alitaka.

Jambo hili si la kizazi cha simu. Daktari Alexander Crichton wa Scotland aliwaandika watu wa namna hii mwaka 1798. Mwaka 1902, huko London, daktari wa watoto George Still aliwaeleza madaktari wenzake juu ya watoto wenye akili timamu ambao hawakuweza kujizuia wala kukaza fikra. Siku hizi, kwa Kifaransa, madaktari huiita hali hii TDAH, yaani shida ya upungufu wa umakini na ya kutotulia. Tafiti zilizokusanywa kutoka pande nyingi za dunia zinakadiria karibu watoto 5 kwa kila 100. Darasani mwangu wamo zaidi ya 80. Maana yake ni wanne hivi, na katika shule nzima ni darasa dogo. Hali hii hurithiwa kwa kiasi kikubwa, na ndiyo maana mara nyingi baba anayeitwa shuleni hukaa kitini akitikisa goti na kusema kwamba yeye naye alikuwa vile vile, akapigwa, akaacha shule, akaenda kuchimba Kambove.

Siombi walimu tuwe madaktari. Mwalimu haruhusiwi kutangaza kwamba mtoto ana TDAH, na wapo wanaofanya hivyo ovyo, nao wanadhuru. Madaktari wana masharti: dalili ziwe zimedumu miezi 6 au zaidi, ziwe zilianza kabla ya miaka 12, zionekane zaidi ya mahali pamoja, na ziwe kweli zinamkwamisha mtoto. Masharti hayo yanatufaa sisi pia. Kama mtoto anatulia nyumbani, anatulia kanisani, anatulia dukani kwa shangazi yake, ila darasani kwangu hatulii, basi lazima kwanza niliangalie darasa langu. Tena tukumbuke wasichana. Wengi wao hawaruki juu ya madawati. Wanakaa kimya karibu na dirisha, wanatazama ubao, na hakuna kinachoingia. Kwa kuwa hawasumbui mtu, hakuna anayewauliza kitu mpaka siku ya mtihani.

Sasa niseme lililo zito zaidi kwangu. Watoto wengi wanaoandikwa "hasikilizi" hawana TDAH hata kidogo. Wana kitu kingine, mara nyingi kitu kinachotibika, na hakuna aliyewahi kukitafuta.

Nilikuwa na msichana aliyeletwa kwangu na sifa mbaya: kiburi, hajibu akiitwa. Nilisimama nyuma yake nikamwita kwa sauti ya chini, asione midomo yangu. Hakugeuka. Nilipoinama karibu nikasikia harufu. Sikio la kulia lilikuwa linatoa usaha, naye alikuwa amelipachika pamba iliyokwisha geuka rangi, akishusha kitambaa cha kichwa ili wenzake wasione. Mama yake alisema usaha huo ulianza akiwa bado hajui kutembea, ukawa unakuja na kuondoka. Mtoto huyo alikuwa amerudia darasa la pili. Kabla ya kumrudisha, hakuna aliyesimama nyuma yake na kumwita.

Mwingine alikuwa akisema jedwali la saba mbele ya darasa. Saba mara tatu, ishirini na moja. Saba mara nne... akakatika. Kope zilipepesa, mkono ukabaki umeinuliwa, macho yakawa yanatazama mahali pasipo na kitu. Sekunde chache tu. Kisha akaendelea, "ishirini na nane," kama vile hakuna kilichotokea, akashangaa kwa nini wenzake wanacheka. Hicho ni kifafa cha aina isiyomwangusha mtu chini. Kinaweza kumpata mtoto mara nyingi kwa siku moja, na kila mara kinakata kipande cha somo. Mwalimu asiyekijua humzaba kibao kwa sababu "anaota". Wakati mtoto huyo hayupo kabisa. Hakusikia swali, na wala hakujua kwamba kuna swali.

Hapa ninawageukia wakuu wa afya peke yao. Katika vituo vyetu dawa ya kifafa inayopatikana kwa urahisi, kwa kuwa ni ya bei nafuu, ni fenobabitali. Mnajua kuliko mimi kwamba kwa aina hii ya kifafa haisaidii, na kwamba inaweza kumfanya mtoto ahangaike mwili na kupoteza umakini zaidi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, OMS, unashauri kuiepuka kwa watoto wenye shida za tabia kama kuna dawa nyingine. Kwa hiyo mtoto anaweza kutibiwa kwenu na kuadhibiwa kwetu kwa sababu ya matibabu hayo hayo. Tunahitaji kuzungumza: nesi aandike kwenye karatasi dawa aliyompa, na mwalimu aandike kwenye karatasi alichokiona darasani. Leo karatasi hizo hazipo.

Kuna upungufu wa damu. Mtoto asiye na madini ya chuma ya kutosha huchoka, husinzia, hasira hupanda haraka, na kushika fikra kunakuwa kazi nzito. Kuna malaria, ambayo ikipanda kichwani inaweza kumwacha mtoto hai lakini na shida ya kukumbuka na kufuatilia. Kuna watoto wa SS, yaani wenye ugonjwa wa selimundu: mishipa midogo ya ubongo wao inaweza kuziba bila maumivu wala dalili ya nje, na kinachoonekana ni alama zinazoshuka. Kuna macho. Na kuna njaa, ambayo haihitaji maelezo marefu kwa yeyote aliyenunua mfuko wa bunga wa kilo 25 miaka hii. Mtoto aliyekula bukari, yaani ugali, jana jioni, akaja shule kwa miguu bila hata chai, saa tano asubuhi hafuatilii sehemu za hesabu.

Halafu kuna mji wenyewe. Lubumbashi ilijengwa kuzunguka tanuru la shaba. Tanuru lilianza kuyeyusha mwaka 1911, na bomba lake na ule mlima mweusi wa takataka za madini ndivyo tunavyoviweka kwenye kalenda na picha za arusi. Tunajivunia, na tuna haki. Lakini moshi ule ulibeba metali, ukaziacha kwenye udongo ambao watoto wanachezea. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha vipimo vya mkojo vya watu wa Katanga. Walioishi karibu na migodi na viwanda vya kuyeyusha madini walikuwa na kobalti nyingi sana, na metali nyingine ikiwemo risasi, na kwa nyingi ya metali hizo watoto waliwazidi watu wazima.

Risasi hiyo ndiyo inayohusu barua hii. OMS inasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Inagusa akili, na hasa umakini na uwezo wa kujizuia. Mtoto asiye na madini ya chuma mwilini huifyonza zaidi, kwa hiyo upungufu wa damu na udongo mchafu hushirikiana dhidi ya mtoto yule yule. Haitoki kwenye tanuru la zamani tu. Kuna watu wanaovunja betri za magari uani, watoto wakiwa karibu. Kuna baba anayerudi kutoka mgodini na nguo zake, zikafuliwa kwenye beseni moja na za mtoto. Mtu akimchapa mtoto huyu kwa kutotulia, anachapa kile kilichoingia mwilini kwa vumbi la jiji.

Mheshimiwa Gavana, mkoa unapokea mrabaha wa madini. Sidhani kuna matumizi yenye haki zaidi kuliko kupima damu ya watoto wa kartie zilizo upande ambao upepo ulipeleka moshi.

Usingizi nao. Madaktari wanasema mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala saa 9 hadi 12. Katika nyumba nyingi za komini za Katuba, Kenya na Ruashi jambo hilo haliwezekani, wala si kwa sababu wazazi ni wabaya. Kwa ajili ya delestaji, yaani zamu za kukatiwa umeme, ya shirika la Snel, moto wa umeme unarudi usiku wa manane. Mama anaamka kupiga pasi, kuchaji simu, kupika maharage yasimmalizie makaa ya kesho. Maji nayo mara nyingi yanatoka saa hizo hizo, na lazima vidumu vijae kabla hayajakatika. Watoto wanalala chumba hicho hicho. Taa inawaka, vidumu vinagongana, redio inaanza kuimba yenyewe. Ng'ambo ya ukuta kuna nganda, yaani baa, yenye spika, na Ijumaa kuna mkesha wenye spika kubwa kuliko za nganda. Mimi ni mtu wa kusali, nasema haya kwa heshima: Mungu anasikia bila kipaza sauti saa nane za usiku, na mtoto aliye nyuma ya ukuta ana shule. Bwana Meya, kelele za usiku zilishakatazwa; kinachokosekana ni mtu wa kulisimamia katazo hilo. Na Snel, kama haiwezi kutupatia moto kila siku, ingeweza angalau kutangaza zamu za kila kartie na kuziheshimu, ili mama ajue ni usiku gani anaweza kulala hadi asubuhi.

Maana mama huyo naye amechoka, na uchovu wake ndio unaoniletea yale maneno, "umupige tu". Nimesema habari za watoto kwa urefu kwa sababu wao ndio wanaoandikwa buletani, lakini akili zilizochoka zimejaa mjini. Nakutana nazo kwa manseba anayeendesha tangu alfajiri na kukosa kuona gari lililosimama mbele yake. Nakutana nazo kwa mama wa soko la Njanja anayesahau chenji aliyokwisha kuirudisha, na kwa kijana anayejiandaa kwa Ekzeta, mtihani wa mwisho wa sekondari, akisoma ukurasa ule ule mara nne. Nazikuta pia katika chumba chetu cha walimu.

Tangu elimu ya msingi ya bure ianze kutekelezwa mwaka wa shule wa 2019, jambo jema ambalo Katiba ya 2006 ililiahidi katika kifungu cha 43, madarasa yamefurika. Nililifurahia na bado nalifurahia. Kuna wasichana kwangu ambao bila hiyo wangekuwa wanauza maji barabarani. Lakini walimu hatukuongezeka kama watoto walivyoongezeka, na kati yetu wapo wenzetu wa N.U. wanaofundisha bila jina lao kufika kwenye orodha ya mishahara. Mtu anasahihisha madaftari zaidi ya 80 kwa mwanga wa simu, asubuhi anauza mikate kabla ya kengele, na mwisho wa mwezi anawatazama wenzake wakienda benki. OMS, katika ainisho lake la magonjwa lililoanza kutumika Januari 2022, inaitambua hali ya mtu aliyemalizwa na kazi na kuitaja kwa mambo matatu: nguvu kuisha, moyo kujitenga na kazi au kuidharau, na kuona kwamba unachofanya hakifai kitu. Haikuiita ugonjwa; imeiweka kama jambo linalotokana na kazi. Mimi naona hiyo ni haki. Mwalimu wa namna hiyo anahitaji kazi yake irekebishwe, na kumpa vidonge peke yake ni kumkwepa. Ila mtu akikosa usingizi wiki baada ya wiki, akapoteza hamu ya kula, akaona maisha hayana maana, hapo huenda tumefika kwenye sonona, nayo ni ugonjwa na ina matibabu. Wakuu wa shule wafundishwe kutofautisha mambo haya mawili. Sasa hivi yote mawili yanapata jibu moja: barua ya kuomba maelezo.

Mwalimu aliyechoka hawezi kumwona mtoto aliyekatika sekunde tano katikati ya jedwali. Kwa hiyo tukilipa wenzetu wa N.U. na kupunguza watoto darasani, hiyo pia ni dawa ya umakini.

Wazazi wanapokosa majibu shuleni na hospitalini huenda mahali pengine. Wapo wachungaji wanaoombea mtoto na kumrudisha mikononi mwa mama yake kwa upole, siwagombezi. Wapo wengine wanaosema mtoto asiyetulia ana bulozi, wanamfungia, wanamnyima chakula kwa jina la mfungo, wanamwagia vitu machoni. Kifungu cha 41 cha Katiba kinakataza kumshutumu mtoto kwa uchawi, na Sheria ya Ulinzi wa Mtoto ya Januari 2009 ipo. Naomba sheria hizo zibandikwe kwenye milango ya ofisi za komini, kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa. Mtoto anayeitwa mlozi Jumapili na mvivu Jumatatu hana mahali pa kupumzikia.

Wazazi wengine hunijibu kwa methali: samaki mkunje angali mbichi. Nawaambia kukunja ndiyo kazi ninayoiomba, ila kukunja kunataka mkono unaojua. Mtoto wa namna hii ukimpa maagizo matano kwa pamoja atashika la mwisho. Mpe moja, alimalize, mpe la pili. Mkalishe mbele, mbali na mlango. Gawa imla katika vipande vitatu na umruhusu asimame kati yake, afute ubao, alete chaki. Msifu pale pale anapomaliza, maana sifa ya wiki ijayo haimfikii. Asubuhi nyumbani, mambo yaende kwa mpangilio ule ule kila siku. Hayo yote hayagharimu franka hata moja. Nayafanya, na yule mvulana wa pikipiki sasa huandika imla hadi mwisho, kwa vipande, na makosa yake ni makosa ya mtoto yeyote. Sidai kwamba amepona.

Kwa baadhi ya watoto hayo hayatatosha. Zipo dawa, na mwongozo wa OMS unasema zianzishwe na mtaalamu, baada ya wazazi kufundishwa namna ya kumshika mtoto, wala si na nesi wa kituo peke yake, wala kununuliwa kwenye meza ya dawa sokoni. Tuna wataalamu wachache, lakini tunao. Kituo cha Joseph Guislain, kinachoendeshwa na Mabradha wa Upendo hapa hapa Lubumbashi, kinahudumia wagonjwa wa akili na wa kifafa. Shida ni kwamba mzazi akisikia jina hilo anaona mtoto wake ametangazwa kichaa, na jirani akimwona getini habari zimefika soko zima. Ndiyo maana naomba mlango wa kwanza uwe karibu, usio na aibu.

OMS ina mwongozo wa afya ya akili uliotungwa kwa manesi na madaktari wasio wataalamu, unaoitwa mhGAP. Toleo la pili lilitoka mwaka 2016 na lina sehemu nzima ya watoto na vijana. Divisheni ya Afya ichague angalau nesi mmoja katika kila zone ya afya ya jiji, afundishwe mwongozo huo, awe na siku moja kwa wiki ya kupokea watoto wanaotumwa na shule. Aangalie masikio, apime macho kwa ubao wa herufi, apime damu, aulize usingizi na chakula, aulize kuhusu kukatika. Anayehitaji zaidi ampeleke hospitali ya Sendwe, kwenye kliniki za chuo kikuu au Guislain, na karatasi mkononi. Divisheni ya Elimu nayo itoe maelekezo mafupi kwa madirekta: bila karatasi ya nesi huyo, hakuna kumrudisha darasa mtoto kwa sababu ya "kutosikiliza", na hakuna kumfukuza. Wakati wa mitihani, aliyeonekana ana shida asomewe maagizo kwa sauti na aongezewe dakika. Sheria ya Mei 2022 ya kulinda watu wenye ulemavu inawapa msingi wa kufanya hivyo kwa wale ambao hali yao imethibitishwa.

Najua mtakaloambiwa. Kwamba kila mzazi atadai mtoto wake ni mgonjwa ili apite bure. Lakini uchunguzi haugawi alama. Utamwambia mzazi kama mtoto hasikii, haoni, hana damu, halali, au hana lolote kati ya hayo. Aliye mzima na hakusoma, arudie darasa. Nitakuwa wa kwanza kutia sahihi. Mtaambiwa pia kwamba pesa hazipo. Mtoto mmoja anayerudia darasa anakalia dawati mwaka mzima zaidi, na darasa langu halina madawati ya ziada.

Madirekta hupanga madarasa Agosti, kabla ya kengele ya Septemba. Maelekezo yakitoka kabla ya hapo, manesi wanaweza kuanza na wale waliorudishwa darasa mwaka huu, ambao majina yao tayari yameandikwa kwenye rejista za kila shule. Orodha ya darasa langu ninayo, na niko tayari kuileta ofisini siku yoyote mtakayonipangia, baada ya saa sita na nusu, masomo yakiisha.

Wenu kwa heshima,

Mwalimu wa darasa la nne, komini ya Katuba, Lubumbashi